Barua ya wazi kwa OSHA: mkata miti wa Kawe naye ni mfanyakazi

Kwa Mtendaji Mkuu,
Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA).

YAH: USALAMA WA VIJANA WANAOKATA MITI KWA MSUMENO WA MNYORORO

Ndugu Mtendaji Mkuu,

Masika yakikaribia, wenye nyumba wa Kawe hukumbuka miti yao. Ukwamani kuna mwembe ulioinamia bati, Mzimuni mkungu umefika kwenye nyaya za TANESCO, na kule ufukweni mvinje umekauka kilele. Baada ya Kimbunga Hidaya cha Mei 2024, nani analala vizuri chini ya tawi bovu? Basi huitwa kijana mwenye mashine. Bei hupatanwa getini, naye hupanda. Nakuandikia kwa ajili ya kijana huyo, kwa kuwa sheria imeipa ofisi yako jukumu la kumlinda mtu akiwa kazini, na jukumu hilo sijaliona likifika kwenye kazi hii.

Mtazame akiwa juu. Kandambili ameziacha chini. Kamba ipo moja, nayo imefungwa kwenye tawi linaloangushwa; yeye mwenyewe hajafungwa popote. Mkono wa kushoto umekumbatia shina, wa kulia umeshika msumeno unaonguruma. Kichwani kapelo, macho wazi, masikio wazi. Chini, msaidizi wake anavuta kamba akiwa amesimama palepale tawi litakapoangukia, na watoto wamejaa kutazama.

Mnyororo wa mashine ile, mafuta yakifunguliwa yote, hukimbia takriban mita 20 kwa sekunde. Hakuna mtu anayewahi kuuondoa mkono. Pabaya zaidi ni ncha ya bapa, upande wa juu: ikigusa tawi la pembeni ambalo mkataji hakuliona, mnyororo hukwama ghafla na msumeno mzima huruka juu na nyuma, kumwelekea usoni na shingoni. Kinachoweza kumwokoa hapo ni mikono miwili iliyoshika barabara, vidole gumba vikiwa vimezunguka mipini, pamoja na breki ya mnyororo iliyo nzima. Anayekata kwa mkono mmoja amejinyima kinga ya kwanza. Ya pili mara nyingi haipo, kwani nimeona mashine ambazo kikinga mkono cha mbele, ambacho ndicho kinachoifunga breki, kimevunjika na hakijarudishwa, kwa hoja kwamba mashine inakata vilevile.

Jeraha la msumeno pia si kama la kisu. Meno ya mnyororo hunyofoa nyama na kuacha ndani unga wa mti na oili. Ndiyo maana zimetengenezwa suruali zenye tabaka za nyuzi ndefu: mnyororo ukizigusa, nyuzi huchomoka na kujisokota kwenye gia mpaka mashine izime. Huku Kawe sijamwona hata mkataji mmoja aliyeivaa. Akikatwa paja, hufungwa kanga ya yeyote aliye karibu, hupakiwa kwenye bajaji, na foleni ya Barabara ya Mwai Kibaki ndiyo huamua atafika Hospitali ya Mwananyamala akiwa na damu kiasi gani. Hapo getini huwa hakuna aliyefundishwa kwamba kidonda kile kinapaswa kukandamizwa kwa nguvu bila kuachia.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, inamtaka mwajiri atoe vifaa kinga. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, humlipa aliyeumia, lakini umejengwa juu ya mwajiri anayechangia. Mwajiri wa kijana aliye juu ya mwembe ni nani? Mwenye nyumba atasema alimpa kibarua cha saa mbili. Kama mashine ni ya kukodi, mwenye nayo atasema alimkodishia tu. Gharama huishia kwa mama wa kijana, na kwa majirani wanaopitisha daftari la mchango. Hili linaniuma kuliko jambo lolote katika kazi hii, maana mti ule ulikatwa kwa faida ya mtu mwenye geti.

Ofisi yako inaweza kuanzia kwenye kibali. Mwenye nyumba anayetaka kuangusha mti mkubwa huanzia serikali ya mtaa, basi kaeni na Manispaa ya Kinondoni mkubaliane kwamba kibali kiandikwe jina la mkataji aliyefunzwa, na kwamba anayekiomba ndiye mwajiri kwa siku ile, mwenye kubeba dhamana. Mti uliogusa nyaya usipandwe na yeyote kabla TANESCO hawajakata umeme. Vifaa ni ghali kwa kibarua, nalijua hilo. Seti chache za suruali, kofia zenye kinga ya uso na masikio, mikanda na kamba za kujifungia zikiwekwa ofisi ya mtaa kwa kukodishwa, mwenye nyumba atalipia pamoja na bei ya mti.

Kuhusu mafunzo, walimu tunao: Chuo cha Misitu Olmotonyi na Chuo cha Viwanda vya Misitu Moshi si wageni wa msumeno. Kila Aprili 28 mnaadhimisha Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Mwaka 2024 mlikuwa Arusha. Kwa wakata miti wetu Aprili ni kuchelewa, kwani wakati huo wako juu ya miti tayari. Njooni Februari, mfunge hema moja viwanja vya Tanganyika Packers, muwaite na mashine zao, mkague breki, muwafundishe kunoa mnyororo kwa tupa na kujifunga kabla ya kukata. Wenyeviti wa mitaa wanawafahamu mmoja mmoja, na nauli yao ya kufika hapo ni miguu.

Naomba jibu lako kabla ya masika yajayo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Kawe, Dar es Salaam