Anayefundisha Tiba Sharti Ajifunze

Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika wodi za watoto za Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda, Kilifi nchini Kenya, na Teule huko Muheza, Tanga. Watoto zaidi ya 3,100 walihusishwa, wote wakiwa na homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri mwilini. Kwa miaka mingi madaktari walifundishwa kwamba mtoto wa namna hiyo apewe dripu nyingi kwa haraka. Kati ya kila watoto 100 waliopewa dripu hiyo ya haraka, karibu 11 walifariki ndani ya saa 48. Kati ya wasiopewa, walifariki 7. Tiba iliyoaminika kuwa inaokoa ilikuwa inaua.

Utafiti huo haukufanyika Boston wala London. Ulifanyika kwetu, kwa watoto wetu, na wauguzi na madaktari wetu wakikesha nao. Mwaka mmoja kabla yake, utafiti mwingine wa watoto zaidi ya 5,400 katika hospitali za Afrika, Muheza ikiwamo tena, ulionyesha kwamba sindano ya atesuneti inaokoa watoto wenye malaria kali kuliko kwinini, na mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo wake. Mhadhiri aliyehitimu miaka ya 1990 hakufundishwa hata moja kati ya haya. Kama anayajua leo, ni kwa sababu alijisumbua kujifunza. Kama hakujisumbua, anafundisha yale ya 1990.

Daktari asiyejisomea humdhuru mgonjwa aliye mbele yake. Mhadhiri asiyejisomea huwadhuru wagonjwa ambao hatawaona kamwe, walioko Tunduru, Kibondo na Mpanda, mikononi mwa vijana aliowasainia kwamba wameiva. Kwa hiyo tunasema bila kuzunguka: kujifunza ni kazi aliyoajiriwa nayo mwalimu wa tiba, sawa na zamu ya usiku, na asiyeifanya ametoroka kazini.

Tazama chumba cha kujifungulia. Mama amejifungua salama, khanga iliyo chini yake imelowa, na daktari mwandamizi anaitupia jicho na kusema damu ni ya kawaida. Wanafunzi waliosimama miguuni pa kitanda wameshafundishwa, ingawa hakuna mhadhara uliotolewa: damu ya uzazi hupimwa kwa jicho. Lakini mwaka 2023 yalichapishwa matokeo kutoka hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Palipotumika shuka la plastiki lenye mfuko uliochorwa mistari ya vipimo, linalowekwa chini ya mama mara mtoto anapozaliwa, watoa huduma waliwabaini zaidi ya akina mama 9 kati ya kila 10 waliokuwa wakitokwa na damu kupita kiasi. Palipoendelea utaratibu wa zamani, walibainiwa nusu tu. Aliyebainiwa alikandwa tumbo ili mfuko wa uzazi ukaze, akapewa oksitosini, dawa ya kusaidia kuzuia damu kutoka na dripu, akakaguliwa kutafuta chanzo, yote kwa mkupuo mmoja, bila kusubiri hatua moja ishindwe ndipo ijaribiwe nyingine. Kutokwa na damu kwa kiwango cha hatari, upasuaji na vifo vilivyotokana nako, vikijumlishwa, vilipungua kwa asilimia 60.

Mkunga wa zamu huenda ameshafunzwa jambo hili kabla ya profesa kulisikia. Tunamtaka profesa akubali kufunzwa na mkunga huyo, tena mbele ya wanafunzi wake. Heshima yake haitapungua hata chembe, na wanafunzi watakuwa wameona kwa macho yao jinsi daktari anavyopaswa kuishi na elimu yake hadi atakapostaafu.

Hilo ni upande wa tiba yenyewe. Upande wa pili umepuuzwa zaidi, nao ni ufundi wa kufundisha. Tumezoea kuamini kwamba bingwa wa upasuaji ni mwalimu kwa sababu tu ni bingwa. Anaajiriwa Jumatatu, Jumanne anakabidhiwa wanafunzi. Yeyote aliyewahi kusimama kwenye raundi kuu anajua kinachofuata. Wanafunzi zaidi ya ishirini wamezunguka kitanda kimoja, walio nyuma hawamwoni mgonjwa wala hawasikii kinachosemwa. Swali linarushwa, kijana anakosea, anakemewa mbele ya mgonjwa na wenzake, raundi inasonga. Amejifunza kuogopa. Kesho hatasema tena anachofikiri, na daktari asiyesema anachofikiri ni hatari kwenye chumba cha upasuaji.

Njia bora zipo na hazihitaji fedha. Tangu mwaka 1992 inajulikana njia fupi ya kufundisha kando ya kitanda, inayochukua dakika chache tu kwa mgonjwa mmoja. Mwanafunzi aseme kwanza yeye anadhani ni ugonjwa gani. Aulizwe ameegemea dalili zipi. Afundishwe kanuni moja tu inayomhusu mgonjwa huyo, aambiwe alipopatia, kisha aelekezwe alipokosea. Hakuna mhadhiri atakayetuambia hana dakika hizo. Asichokuwa nacho ni mazoezi ya kuifuata, kwa sababu hakuna aliyewahi kumfunza wala kukaa naye kumtazama akifundisha.

Na hapa lawama inahama kutoka kwa mhadhiri kwenda kwa walio juu yake. Mwaka 1976 hospitali na kitivo cha tiba pale Muhimbili viliunganishwa kuwa taasisi moja. Mwaka 2000 hospitali ikawekewa sheria yake, na chuo kikatenganishwa nayo. Mpangilio wa namna hiyo, wa chuo na hospitali zenye mabosi tofauti, umeenea katika mafunzo ya udaktari nchini, na una sababu zake za kiutawala. Lakini usipofungwa kwa makubaliano ya dhati, chuo hudhani ubora wa kufundisha wodini ni jukumu la hospitali, hospitali hudhani ni jukumu la chuo, na mwalimu mwenyewe hupandishwa daraja kwa idadi ya machapisho. Mitaala nayo imebadilishwa: Muhimbili ilianza kutumia mitaala ya umahiri mwaka 2011. Mtaala wa umahiri unadai mwanafunzi atazamwe akifanya kazi yenyewe, akimpima mgonjwa kuanzia kichwani hadi miguuni. Nani anamtazama? Mara nyingi daftari lake linasainiwa koridoni.

Baraza la Madaktari Tanganyika linamtaka daktari akusanye alama za mafunzo endelevu, na linafanya vyema. Tatizo ni namna alama zinavyoweza kukusanywa: ukumbi wa hoteli, saini ya asubuhi, chai, slaidi, posho, cheti cha jioni. Mtu anaweza kupata alama zote za mwaka bila kubadili hata kitendo kimoja wodini kwake. Wakati huohuo kikao cha kujadili vifo, ambacho ndicho darasa kubwa kuliko yote hospitalini, huachiwa madaktari wa mafunzo kwa vitendo wajitetee peke yao. Mabingwa huingia wamechelewa, hukaa karibu na mlango, huondoka simu ikilia. Mahali pao ni mstari wa mbele, wa kwanza kusema: mgonjwa huyu alikuwa wangu, na hapa ndipo nilipochelewa kuamua.

Tunajua wahadhiri ni wachache, wanafunzi wanaongezeka kila mwaka, na mishahara inawasukuma wengi kwenye kliniki za binafsi saa za mchana. Serikali inawajibika kwa hilo na haina pa kujificha. Hata hivyo uchache wa walimu unaongeza uzito wa kosa la kila mmoja wao, kwa kuwa mwenye wanafunzi mia mbili anapitisha kosa lake kwa mia mbili.

Basi chuo na hospitali yake waandikiane saa za kujifunza na za kufundisha wodini katika mkataba wa kila mhadhiri, na saa hizo zilindwe kama zinavyolindwa za upasuaji. Mhadhiri mpya asikabidhiwe wanafunzi kabla hajafunzwa kufundisha. Baraza litoe alama kwa kikao cha vifo na kwa kazi iliyotazamwa na mwenzake wodini, na lipunguze za ukumbini. Mhadhiri ambaye mwaka mzima hakuna mwenzake aliyekwenda kumtazama akifundisha kando ya kitanda asipandishwe daraja, hata awe na machapisho ishirini. Na mkuu wa idara yake aitwe aeleze kwa nini hakumpangia mtu wa kwenda.