Kiingereza cha kujionyesha hakilipi, jifunze cha kulinda hela yako



Kuna mtindo nauona sana kwenye kurasa zetu. Mtu anauza madera Ngamiani, wateja wake wako Makorora, Muheza na Pangani, lakini tangazo limejaa "exquisite", "luxurious", "timeless". Mteja anasoma, anapita. Alitaka kujua vitu vitatu tu: bei, saizi, na mzigo utamfikiaje.

Sisemi tusijifunze Kiingereza kigumu. Nasema tunajifunza upande usiotulipa. Maneno ya kuhangaika nayo siyo yale unayomwandikia mteja, ni yale muuzaji wa jumla anayokuandikia wewe.

Yamenikuta. Mwaka juzi niliagiza mikoba 24 kutoka China kwa mtandao. Kwenye maelezo imeandikwa "faux leather". "Leather" naijua, ni ngozi. Hiyo "faux" nikadhani ni aina ya ngozi tu, labda jina la kiwanda. Nikaposti: NGOZI HALISI. Mzigo ukaisha wiki mbili.

Miezi minne haijatimia, kwa joto hili la Tanga, mama mmoja kaja na mkoba wake mpaka dukani. "Mwanangu, hii ngozi ya mnyama gani inabanduka kama rangi ya ukuta?" Sikuwa na jibu. Kutafuta maana, kumbe "faux" ni bandia! Muuzaji hakunidanganya, aliandika wazi kabisa. Aliyedanganya watu ni mimi, bila kujua. Nilirudisha hela za mikoba 9. Wengine hawakuja hata kudai, waliacha tu kununua kwangu. Hao ndio wananiuma mpaka leo.

Sekondari tunasoma miaka minne kwa Kiingereza. "Photosynthesis" niliikariri nikaifaulu. Maneno ya biashara sikuyakuta huko. Basi tujifundishe wenyewe. Anza na haya:

👉 "Refurbished": kimeshatumika, kikatengenezwa upya. Siyo kipya.

👉 "Assorted": mchanganyiko. Usitegemee kuchagua rangi.

👉 "Non-refundable": hela ikishatoka hairudi.

👉 "MOQ": idadi ya chini anayokubali kukuuzia.

👉 "FOB": bei inaishia mzigo ukipakiwa melini huko kwao. Nauli ya meli, bima na ushuru ni juu yako.

Mimi nina daftari. Kila neno nisilolijua naliandika, natafuta maana kwenye kamusi, halafu nalieleza kwa maneno ambayo mteja wangu angeyaelewa. Nikishindwa kulieleza, bado sijalijua. Programu ya simu ya kutafsiri inasaidia, ila kuna siku inakupoteza, kwa hiyo namuuliza muuzaji mwenyewe: ni ngozi ya mnyama au siyo? Sheria yangu ni moja: neno sijalielewa, hela haitoki.

Na mikoba ile ile bado nauza. Sasa naandika: "Ngozi bandia, bei nafuu, usiianike juani." Inatoka vizuri tu, na hakuna aliyerudisha, kwa sababu mteja anajua anachonunua.

Wewe je, neno gani lilishawahi kula hela yako? Liandike hapo chini na maana yake, utamwokoa mwenzako.