Anaicheka Lenzi ya Mtumba, Halafu Anauza Filta za Kizamani!

Wadau, Dar kuna mpiga picha mmoja mkubwa tu, jina kapuni. Juzi kati kaposti Insta picha ya dogo mmoja aliyekuwa anapiga picha kwenye sendofu. Dogo ana kamera ya Sony ya kisasa, ila mbele kafunga lenzi ya zamani, Helios 44-2 ya Kisovieti. Kaka mkubwa akaiita chuma chakavu, mashabiki wakacheka mpaka basi. Matokeo yake? Bibi harusi aliyekuwa ameshampa dogo kazi ya harusi akavunja makubaliano na kudai advansi yake. Hapo utani ukawa umeisha.

Sasa ieleweke, Helios haijaokotwa jalalani. Ni milimita 58, f/2, na mchoro wake umetokana na lenzi ya Wajerumani, Biotar ya Carl Zeiss. Ukiifungua mpaka mwisho, majani na taa za nyuma zinajizungusha kama kimbunga, mtu anabaki katikati. Waliopiga Dune: Part Two ya 2024 nao walitumia lenzi za Kisovieti. Watu wana hela ya kununua lenzi yoyote duniani, wakachagua mtumba!

Na wala hakuna uchawi hapo. Lenzi hizi za skrubu ya M42 zilitengenezwa zikae kama milimita 45 na nusu kutoka kwenye filimu. Kwenye Sony za siku hizi zisizo na kioo cha kujikunja ndani, kutoka mdomoni hadi kwenye sensa ni milimita 18 tu. Adapta ni bomba tupu la chuma linaloziba hilo pengo, basi.

Kaka mkubwa ana hoja moja, apewe haki yake. Fokasi unazungusha kwa mkono. Bibi harusi anaingia ukumbini anacheza, ukichelewa kidogo tu, sura yote ukungu. Mwanga mkali ukiingia kwa mbele, rangi zinapauka. Kwa hiyo pete na kiapo vipigwe kwa lenzi ya kisasa, ya zamani ibaki kwa picha za utulivu, na mteja aambiwe mapema. Lakini dogo ndivyo alivyofanya! Watu wakicheza, alikuwa anabadilisha lenzi.

Kinachokera ni unafiki. Huyo huyo kaka mkubwa anauza filta kwenye ukurasa wake. Zinafanya nini? Zinapunguza ukali wa picha, zinaweka chembechembe za filimu, zinamwaga jua pembeni. Yaani anauza kwa kompyuta muonekano ule ule ambao lenzi ya dogo inautoa yenyewe. Akifanya yeye sanaa, akifanya dogo uchakavu.

Lenzi mpya bei zake zinajulikana, kijana asiye na mtaji hazigusi. Lenzi ya mtumba na adapta ndiyo njia yake ya kuingilia kazini. Nusu ya mji huu inapendeza kwa nguo za Karume, na hakuna anayeuliza nani alilivaa shati kwanza. Picha ipimwe kwa macho, siyo kwa risiti ya lenzi.

Kaka mkubwa kama ni muungwana, amtafute yule bibi harusi amuombee dogo kazi yake. Kufuta posti peke yake hakutoshi, maana advansi imesharudi na dogo kabaki mikono mitupu.

Wadau, mnasemaje?