Uwanja mbovu ni wa timu zote mbili

Kila msimu wimbo ni uleule. Timu kubwa inatoka Kwa Mkapa, inakwenda mkoani, inadondosha pointi, kisha tunaambiwa uwanja haukuruhusu mpira kuchezwa. Na sisi mashabiki vijiweni tunaitikia.

Tukumbushane Januari 2022. Simba, bingwa mara nne mfululizo, ilifungwa 1-0 na Mbeya City pale Sokoine, ikatoka suluhu na Mtibwa Sugar kule Manungu, halafu ikalala 1-0 kwa Kagera Sugar, Kaitaba. Mechi tatu, pointi moja, bao hakuna. Lakini Yanga ilikuwa imeshashinda Kaitaba 1-0 Septemba 2021, bao la Feisal Salum, na Februari ikaenda Manungu hiyohiyo ikashinda 2-0. Ikamaliza msimu na kombe bila kufungwa hata mechi moja.

Sitetei viwanja vibovu. Wenye navyo wabanwe, na Bodi ya Ligi ivifungie visivyofaa. Ila nyasi hazioti kwa wiki moja, na mechi ni Jumamosi.

Kuna mchezo wa bolingi, ule wa kuviringisha tufe zito kuangusha pini 10. Kwa kuutazama utadhani njia yake haibadilika kamwe. Kumbe hupakwa mafuta, na kila tufe linalopita linayasogeza. Mrusho ulioangusha pini zote mwanzoni, baadaye unakwenda pembeni. Anayejua kazi hasubiri njia ipakwe upya. Anahamisha miguu, anabadili shabaha, hata tufe lenyewe analibadili.

Uwanja wetu nao unachakaa hivyohivyo, tena ndani ya dakika 90. Mvua ikianza, mpira unateleza na kukimbia. Maji yakituama, pasi ya chini inakufa njiani. Katikati na mbele ya goli ndiko kunakochimbika kwanza kwa sababu ndiko kunakokanyagwa sana, huku pembeni nyasi bado zipo. Sasa kwa nini dakika ya 70 kiungo bado analazimisha pasi fupi katikati ya tope? Peleka mpira pembeni. Piga mashuti ya mbali, kipa hadaki vizuri mpira uliolowa. Pigania mpira wa pili.

Kaitaba ni kinyume chake: nyasi bandia, mpira unadunda na kukimbia, pasi ya mpenyezo inamwishia kipa. Pale mpe mtu mguuni. Na wachezaji wakaujaribu siku moja kabla, wakiwa na njumu za nyasi bandia, siyo zile za Mkapa.

Haya hayahitaji usajili wa mabilioni. Masika ikianza, miye nitaangalia saa, dakika ya 60 mpaka 75, nimuone kocha gani kanyanyuka kwenye benchi na kubadili mchezo, na yupi kakunja mikono anatazama mawingu.