Mambo ya Nyumbani: Chumvi ya Samaki Haipimwi kwa Ulimi

Wahenga walinena kwamba samaki mmoja akioza, wote huoza. Mithali hiyo huwaonya watu juu ya tabia. Lakini juma hili, wasomaji wapenzi, tunaichukua kwa maana yake ya asili, yaani samaki walio ndani ya beseni jikoni.

Ndugu zetu wa Arua na Koboko wanakaa mbali na maji makubwa. Angara, ngasa na mputa huvuliwa katika Ziwa Albert, na wengi hupitia soko la Panyimur. Kutoka Pakwach hadi Arua ni kilomita zipatazo 130, na Koboko iko mbele zaidi ya kilomita 50. Kwa joto la huko, samaki asiye na barafu huanza kuharibika siku ileile. Ndiyo sababu samaki wa chumvi amekuwa kitoweo cha desturi katika Nile Magharibi, na biashara yake huvuka mpaka hadi Kongo. Kwa jamaa ya askari inayonunua kitoweo siku ya mshahara, samaki huyo ni akiba njema. Hata hivyo, kipimo cha chumvi kikipungua, akiba hiyo hugeuka hasara, na pengine ugonjwa.

Wapishi wengi huchovya kidole katika maji ya chumvi na kuonja. Ulimi ni shahidi mbaya, kwa kuwa huona chumvi imezidi mapema mno. Maji ya bahari yana gramu zipatazo 35 za chumvi kwa lita, nayo hayanyweki. Lakini samaki wanaishi humo, na vijidudu vya kuozesha pia vinaishi humo. Vijidudu vingi hushindwa pale tu chumvi inapofika kama sehemu 10 katika kila sehemu 100.

Wengine hutumia yai bichi: likielea, husema maji yako tayari. Kipimo hiki ni bora kuliko ulimi, lakini hakitoshi. Yai huelea chumvi ikiwa kama sehemu 12 katika 100, hali maji yaliyoshiba hufika sehemu 26. Maji hushiba kwa gramu 360 hivi za chumvi kwa kila lita ya maji. Dalili yake ya hakika ni moja: ukikoroga vizuri, chumvi hubaki chini bila kuyeyuka.

Na hapo kazi haijaisha. Chumvi inapoingia ndani ya samaki, maji ya samaki hutoka nje na kuyapunguzia nguvu maji ya beseni. Tuseme ulitia kilo 3.6 za chumvi katika lita 10 za maji, na samaki wakatoa lita 2. Sasa kila lita imebaki na gramu 300, bila kuhesabu chumvi iliyokwisha kuingia katika nyama. Kwa hiyo tazama chini ya beseni asubuhi na jioni. Usipoona chumvi, ongeza mpaka ionekane tena, ukoroge, na uwageuze samaki ili wa juu wasikae nje ya maji.

Utaratibu wa kazi ni huu. Chagua samaki mbichi kabisa, mwenye macho maangavu na mashavu mekundu. Mpasue, ondoa matumbo na mashavu, umwoshe damu yote. Tumia pipa la plastiki au mtungi wa udongo, maana chumvi hula bati na alumini. Chumvi iwe safi, isiyo na mchanga. Mwekee samaki kitu kizito ili azame, umwache siku moja hadi tatu kwa kadiri ya unene wake. Kisha mwanike juu ya kichanja, wala si chini penye vumbi na kuku. Maji yaliyotumika yana damu na uchafu. Yamwagwe mbali na kisima na bustani, yasitumiwe tena.

Jambo moja tulisisitize. Wako wauzaji wanaotia chumvi samaki baada ya kuona ameanza kunuka. Chumvi huhifadhi, haifufui. Baadhi ya sumu zinazozaliwa katika samaki aliyeharibika haziondolewi na chumvi wala moto wa jikoni. Mama anayenunua sokoni asione haya kumnusa samaki na kumbonyeza. Akimwona ana rangi ya waridi juu ya ngozi, ajue kuna vijidudu vinavyopenda chumvi, na kwamba samaki huyo aliwekwa mahali penye unyevu na joto. Amwache.

Kabla ya kupika, mloweke samaki katika maji baridi yasiyo na chumvi, uyabadilishe mara mbili au tatu, wala usitie chumvi nyingine katika mchuzi. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima ale chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku. Mwenye shinikizo la damu ajihadhari zaidi.

Askari hukagua silaha yake kila siku, hata kama jana ilikuwa safi. Beseni la samaki nalo lataka ukaguzi kama huo. Chumvi ikionekana chini, wote mlale usingizi. Hadi juma lijalo, twawatakia heri jikoni.