JIMBO SI SHAMBA LA MBUNGE

Kiti cha Bunge ni mali ya wananchi. Anayekikalia amekabidhiwa kwa muda, na muda ukiisha hana budi kurudi kwa wenyewe kutoa hesabu. Wako viongozi wanaolisahau jambo hilo wakishazoea Dodoma. Wako pia wananchi wanaolisahau wakishapewa fulana na kilo ya sukari.

Jimbo la Kyela ni fundisho. Mwaka 2005 wananchi wake, kutoka Busale hadi Matema ufukweni mwa Ziwa Nyasa, walimtuma Bungeni Dkt. Harrison Mwakyembe. Mwaka 2008 aliongoza Kamati Teule iliyochunguza mkataba wa umeme wa Richmond, na taarifa yake ilifuatwa na kujiuzulu kwa Waziri Mkuu, Ndugu Edward Lowassa. Alichaguliwa tena mwaka 2010 na 2015, akashika wizara kadhaa. Hata hivyo, Julai 2020, angali Waziri, alishindwa katika kura za maoni za CCM jimboni humo. Katika uchaguzi wa mwaka huo kiti kilikwenda kwa Ndugu Ally Jumbe Mlaghila.

Hayo si ya Kyela peke yake. Mwaka huo huo wa 2005, huko Uskochi, Bibi Jo Swinson alichaguliwa kuwa mbunge wa East Dunbartonshire, jimbo lililo jirani na jiji la Glasgow. Mwaka 2015 alishindwa. Mwaka 2017 akarudi kwa kumzidi mpinzani wake kura 5,339. Mwaka 2019 akawa kiongozi wa chama chake, Liberal Democrats, akazunguka Uingereza nzima akijinadi kuwa anafaa kuwa Waziri Mkuu. Desemba 12 mwaka huo watu wa nyumbani wakatoa hukumu: kura 19,523 kwake, na 19,672 kwa Bibi Amy Callaghan wa Chama cha Taifa cha Uskochi. Kwa upungufu wa kura 149 tu, alipoteza kiti na uongozi wa chama kwa pamoja.

Wala Tanzania haikungoja kufundishwa na Uskochi. Mwaka 1965, wananchi walipochagua kati ya jembe na nyumba, Waziri wa Fedha, Ndugu Paul Bomani, aliangushwa. Cheo kikubwa hakikumkinga.

Iko tofauti moja isiyofaa kupuuzwa. Mwaka 1965, kama huko Uskochi, waliohukumu walikuwa wapiga kura wote. Katika kura za maoni za mwaka 2020 waliohukumu walikuwa wajumbe. Bila kulinyooshea kidole jimbo lolote, ni dhahiri kwamba mwenye fedha huona nafuu kuwarubuni mamia kuliko makumi ya maelfu. Ndiyo maana mjumbe hubeba dhamana nzito kuliko mpiga kura wa kawaida: anapouza kura yake, huuza na ya jirani ambaye hakuulizwa. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vya sheria vilivyohalalisha takrima. Kilichobaki ni kuibatilisha mioyoni.

Mkulima wa Busale hana haja ya kumpima mgombea kwa umaarufu wake magazetini, wala kwa ukarimu wake wa wakati wa kampeni. Na aulize: bei ya kakao imetetewa na nani? Barabara inapokatika kwa mvua za masika, na mpunga ukakosa njia ya kufika sokoni, mbunge alionekana? Alirudi kusikiliza, au alirudi kuomba kura?

Mbunge naye na akumbuke kwamba kazi ya taifa, hata iwe kubwa namna gani, haifuti deni la kijijini. Cheo ni dhamana. Mwenye mali akiitaka, hurudishwa, hata kwa kura 149.