Jembe Si Adhabu

Wanachuo wenzangu, mwaka jana nilibahatika kwenda Japani wiki mbili kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Tulipofika Kyoto, wenyeji wetu walitupeleka Fushimi Inari, hekalu la Kishinto lililoanzishwa mwaka 711. Inari ni mungu wao wa mpunga na wa neema katika biashara.

Pengine picha zake mmeziona: maelfu ya malango mekundu yamefuatana mlimani, unapita chini yake kama uko kwenye handaki. Nyuma ya malango yameandikwa majina ya waliyoyatoa, mengi ya makampuni. Pembeni wamekaa mbweha wa mawe, wajumbe wa Inari. Mmoja ameuma suke la mpunga, mwingine ufunguo wa ghala.

Mimi sikwenda kuabudu, nina dini yangu. Nilisimama pembeni nikiangalia watu wanatupa sarafu, wanainama mara mbili, wanapiga makofi mara mbili, wanainama tena. Wengine wamevaa suti kabisa. Nikajiuliza, watu wa ofisini na mpunga wapi na wapi?

Mwenyeji wetu akanieleza kwamba zamani kwao utajiri ulipimwa kwa mchele, hata kodi ililipwa kwa mchele. Mpaka leo hekalu lina shamba lake: Juni linapandwa kwa sherehe, Oktoba linavunwa kwa sherehe. Nikamwambia sisi tunatofautisha mpunga, mchele na wali. Akacheka, kumbe na wao wanasema ine, kome na gohan.

Kusema ukweli niliona aibu. Mimi ni wa Kyela, na kabla ya bumu mpunga ndio ulionisomesha. Lakini shuleni kwetu ukichelewa namba, unapewa jembe ukalime. Miaka yote hiyo tulifundishwa somo ambalo halikuandikwa ubaoni: kulima ni kwa waliokosea. Halafu tunashangaa kijana akificha kwamba baba yake ni mkulima!

Najua wapo watakaosema afadhali jembe kuliko viboko. Sawa, lakini kiboko kinauma siku moja; dharau ya shamba mtoto anaondoka nayo.

Sisemi tujenge malango mekundu. Nawaomba tu walimu wenzangu watarajiwa, tukienda mazoezi ya kufundisha, shamba la shule tulifanye darasa. Aliyechelewa atafutiwe adhabu nyingine. Jembe tumpe kila mtoto, na sisi tushike la kwetu.